Malaika wa Jipsamu

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi mzima wa mwili. Kazi mpya tu ndiyo ina mambo yake. Nitakueleza.

Nilipokuambia nitafundisha historia ya sanaa uliguna kwenye simu kama mtu aliyeambiwa binti yake amejiunga na sarakasi, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu. Chuo chetu kinafundisha upambaji wa nyumba na kumbi: dari, mapazia, rangi. Wanafunzi wangu ndio kwanza wanaanza. Wengine wametoka shule juzi, wengine ni watu wazima wenye kazi zao. Mimi nimepewa Baroki, yaani sanaa na majengo ya Ulaya ya miaka mia nne hivi iliyopita, wakati Kanisa la Roma lilipoona waumini wanalikimbia, likaamua kuwarudisha kwa kuwakamata macho. Ndipo zikaja kuta zinazopinda kama zinapumua, picha zenye giza tele na mwanga unaoingilia upande mmoja, dari zinazofurika malaika. Jina lenyewe, wengi wanasema, lilitokana na lulu isiyo duara, lulu iliyopinda.

Somo ni zuri, Mama. Chumba ndicho kibaya. Kilikuwa stoo ya rangi, bado kinanuka tina, na projekta inageuza kila kitu kuwa njano. Watakatifu wote wanaonekana wana homa.

Lakini kinachonichefua hasa ni ukumbi wa kuingilia. Mkuu wa chuo, ambaye wanafunzi wanamwita Bwana Dhahabu kwa sababu ya pete, saa na jino, amesimamisha pale nguzo nene mithili ya mapipa. Niligonga moja, ikalia kama debe. Tupu! Hazibebi kitu. Ukiegemea, rangi ya dhahabu inabaki kwenye blauzi yako. Na nyuma yake, pale anapodhani hakuna atakayechungulia, watu wamebandika chingamu na kuzimia sigara. Siku ya kwanza akanishika bega, mkono wake una unyevunyevu kama kitambaa cha kufutia meza, akasema, "Mwalimu, waanzie hapa. Waambie hii ndiyo Baroki."

Nikamwambia Baroki ina udanganyifu mwingi, ila ni udanganyifu wa watu waliojua kujenga. Akacheka mpaka lile jino la dhahabu likaonekana lote. Nilikwenda bombani nikalisugua lile bega kwa sabuni.

Anayenifanya nirudi kila asubuhi ni mwanafunzi mmoja tunayemwita Mama Pacha. Ni mpambaji wa keki, mtu mzima, ameamua kuhamia kwenye dari kwa sababu, anasema, dari haziliwi zikaisha. Nilipoonyesha picha ya malaika watoto, wanene, uchi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani, hawa mama zao wako wapi? Mimi wangu wawili tu, nikigeuka kidogo wako juu ya kabati." Darasa likavunjika mbavu. Baada ya hapo hakuna aliyesinzia.

Nisalimie Kaka, kama ameamka.

Mwanao,
Kitinda


19 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa. Huku hatujambo. Goti ni lile lile, likitaka linakubali, lisipotaka linanisimamisha njiani kama askari.

Hiyo Baroki yako nimeielewa kuliko unavyodhani. Nimeshona magauni ya maharusi tangu wewe hujazaliwa. Kuna bibi harusi anataka marinda juu ya marinda, lesi juu ya lesi, mpaka yeye mwenyewe humwoni. Ukidadisi kidogo utakuta mama mkwe hamtaki. Basi na hao wa Roma walikuwa na mama mkwe wao.

Kaka yako yupo. Kuwapo ndiyo kazi yake. Analala mpaka jua linamwingilia chumbani bila hodi, akiamka anauliza chai iko wapi. Juzi nimemkuta anakata kucha za miguu juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Zimeruka mpaka kwenye satini ya mteja! Nimeziokota moja moja kwa kibano, mwili unanisisimka. Nikamwambia, "Wewe ni mtu mzima." Akaniambia, "Mama, mtu mzima bila kazi afanye nini?"

Sasa nisikilize. Huyo mkuu wako hawezi kumpatia nafasi ya kazi? Mkono wenye unyevu si kosa, labda mtu ana presha. Usiwe mwepesi wa kuona kinyaa. Hata mimi nimewashonea watu wanaonuka jasho la wiki nzima, na nguo zilikaa vizuri.

Vaa sweta asubuhi.

Mama yako


22 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za nyumbani, goti, cherehani? Mimi naendelea vizuri, na sweta ninavaa.

Kuhusu Kaka, hapana. Nakuomba usilirudie. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Darasa limechangamka. Niliwaonyesha picha ya mahujaji wawili maskini waliopiga magoti mbele ya Mama Mtakatifu na Mtoto wake, nyayo zao zimetugeukia sisi watazamaji, chafu, zina tope la njia nzima. Niliwaeleza kwamba picha ilipowekwa kanisani watu walizua kelele. Nikawauliza, kwa nini mchoraji hakuwaosha miguu wale mahujaji? Kisha binti mmoja asiyezungumza darasani akasema, "Kwa sababu alitembea kweli." Mama, nilitaka kumkumbatia.

Halafu nikawapeleka kwenye kanisa moja la Roma ambalo halikujengewa kuba. Mchoraji akachora kuba ya uongo kwenye turubai, likatandazwa darini. Ukisimama mahali palipowekewa alama unaapa ni kuba ya kweli. Ukisogea hatua chache, inaanza kupinda na kuanguka. Mama Pacha akauliza kwa upole, "Mwalimu, na mkuu wetu, tusimame wapi ndipo tumwone ni mtu?" Nilijifanya nimesikia vibaya, lakini nilikuwa nacheka nyuma ya projekta.

Sasa sikia alichofanya mtu huyo. Anajenga ukumbi wa harusi upande wa pili wa barabara. Amewachukua wanafunzi wangu, saa za somo langu, wakabandike malaika wa jipsamu darini. Anaita mazoezi. Wanalipa ada ili wamjengee ukumbi! Nilikwenda kuangalia. Jukwaa wanalosimamia limeundwa kwa mirunda na mbao za makasha, nyingine bado zina misumari. Hakuna aliyevaa kofia ngumu. Chini kuna harufu ya mkojo, maana vyoo havijaisha na mafundi wanajisaidia kwenye kona ile ile ambako maharusi watakatia keki. Na juu ya hayo yote, malaika wananing'inia wakitabasamu, wote kutoka kwenye chapa moja, uso mmoja, kama watoto wa kiwandani.

Nikamwambia jukwaa halifai. Alikuwa anajichokonoa meno. Alikitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni, akasema, "Mwalimu, wewe shughulika na waliokufa zamani. Walio hai niachie mimi."

Sitaki Kaka awe karibu na mtu huyu. Umeelewa, Mama?

Mwanao,
Kitinda


6 Aprili

Kitinda,

Marahaba mwanangu. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa mwingine. Nimemwandikia mkuu wako mwenyewe. Sikutaja ulichoniambia, mimi si mtoto. Nilimwambia tu nina kijana wa kiume, dada yake anafundisha hapo. Amejibu kwa heshima zote, karatasi nzuri, nene. Kaka yako ameondoka jana. Atakuwa msimamizi wa ule ukumbi. Amepanga chumba huko huko.

Najua umekunja uso sasa hivi. Ukunjue. Hukumwona alivyokuwa anaondoka, viatu amevipiga rangi, ndevu amechonga, ameniinamia nimwombee. Tangu baba yenu afariki sijamwona amesimama wima vile. Wewe ulipata shule, yeye hakupata. Kama jukwaa ni bovu, si ndiyo vizuri awepo mtu wetu wa kuliangalia?

Akija kukusalimia mpe chai.

Mama yako


17 Juni

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kimya cha muda mrefu, nilikuwa sijui nikuandikie nini. Leo najua.

Mama Pacha ameanguka kutoka kwenye jukwaa. Yu hai. Nyonga imevunjika na mguu mmoja umevunjika pabaya. Madaktari wanasema atatembea, lakini si kama zamani.

Uzinduzi wa ukumbi ulikuwa umekaribia. Asubuhi ile nilipita pale, nikaona mirunda imefungwa pembeni mwa jukwaa iwe kingo, watu wasianguke, angalau hiyo. Mchana niliporudi haikuwapo. Sijui nani aliifungua. Mama Pacha alikuwa juu, ameshika kichwa cha malaika kwa mikono miwili, kama anavyoshika keki. Akarudi nyuma kidogo aone kama kimekaa sawa. Ndivyo nilivyowafundisha mimi: rudi nyuma uangalie. Ubao ukapinduka.

Sitakueleza ule mlio. Aliangukia kwenye vipande vya jipsamu, vumbi jeupe limemjaa usoni na kwenye kope. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kimevunjika?" akimaanisha kichwa cha malaika.

Bwana Dhahabu akaja kutoka kwenye chakula, vidole vinang'aa mafuta. Unajua alitazama nini kwanza? Zulia! Zulia jekundu la wageni, lilikuwa limetandazwa tayari. "Likunjeni kwanza," alisema, "likunjeni kabla hamjamnyanyua." Na wakalikunja, Mama. Mwanao alishika ncha moja. Kaka, na kofia yake ngumu ya njano, peke yake mwenye kofia ukumbi mzima. Alilikunja zulia vizuri, bila haraka, huku mwanamke amelala pale mguu umeelekea kusikoelekea mguu. Sisi tukambeba juu ya ubao wa mlango uliokuwa haujapachikwa.

Kesho yake niliitwa ofisini. Alikuwa anakula keki. Nikaiangalia, nikayatambua yale maua. Ilikuwa keki ya Mama Pacha, aliyoitengeneza kwa ajili ya uzinduzi, zawadi kwa darasa. Alikuwa anaikata vipande vikubwa na kujaza mdomo, krimu imemganda kwenye jino. Akaniambia mkaguzi wa kazi anakuja, na kwamba Kaka ameshakubali kusema ukweli. Ukweli wao ni huu: Mama Pacha alipanda mwenyewe saa ya mapumziko, akafungua kingo mwenyewe, alikatazwa hakusikia. "Na wewe utasema vivyo hivyo. Familia moja haiwezi kuwa na midomo miwili. Karibu keki."

Nilitoka nikatapika nyuma ya nguzo zake, pale penye chingamu. Ni kweli nilitapika, sikupambii hadithi.

Kwa mkaguzi nilisema nilichoona: asubuhi kingo zilikuwepo, mchana hazikuwepo. Akaniuliza nani alizitoa. Sikujua. Kaka akaapa ni Mama Pacha, na mkuu akamuunga mkono. Mmoja kwa wawili, shauri limekwisha. Mimi sina kazi tena.

Nilimfuata Kaka chumbani kwake. Nikamwambia, "Niambie nani aliagiza zile kingo zitolewe." Alikuwa anapiga rangi viatu. Akasema, "Umeshakula leo, dada? Kuna mkate."

Mama, zungumza naye. Wewe anakusikiliza.

Kitinda


29 Juni

Kitinda,

Nimesoma. Pole kwa yaliyompata rafiki yako, namwombea apone. Pole na kazi.

Lakini usiniandikie tena maneno kama yale juu ya kaka yako. Kukunja zulia si kuua mtu. Ametumwa, akafanya. Amechumbia, ulijua? Wazazi wa binti wamemkubali kwa sababu ana kazi. Wewe una elimu, utapata kwingine. Yeye akiangushwa hapa hanyanyuki tena, namjua, ni mimi niliyemzaa. Rafiki yako ameshaanguka, mwanangu. Ukimwangusha kaka yako naye, ndipo rafiki yako atainuka?

Nyamaza, mambo yapoe.

Mama yako


4 Julai

Mama,

Barua yako nimeishika kama mtu anavyoshika kitu alichokiokota kwenye mtaro. Sikutegemea kusikia hivyo juu ya karatasi yenye mwandiko wako.

Usinitafute.

Kitinda


15 Agosti

Kitinda wangu,

Hujambo? Hii ni ya tatu na hujajibu, mbili za kwanza labda zimepotea. Sina jipya. Kaka yako atakuja kunitembelea mwisho wa mwezi. Unakula?

Mama yako


10 Oktoba

Kitinda,

Natumaini unasoma hata kama hujibu. Mimi mzima. Leo sitazunguka.

Kaka yako alikuja kama nilivyokuandikia. Suruali mpya, manukato yanaingia kabla yake. Nilimpikia. Tukiwa tunakula nikamuuliza, kwa sababu swali lako lilikuwa halijaniacha: "Zile kingo, ni nani aliyesema zitolewe?" Sikutegemea anijibu. Akanijibu hapo hapo, mdomo umejaa. Mkuu aliagiza. Mpiga picha alikuwa anataka dari ionekane vizuri, mirunda ilikuwa inaziba malaika. Kaka yako akaifungua kwa mkono wake, akaona uvivu wa kupanda kuwaambia waliokuwa juu.

Ningeweza kulimeza na hilo, mwanangu. Nimemeza mengi ya yule kijana. Lakini akasimama kunionyesha Mama Pacha alivyoanguka. Akanyoosha mikono hivi, akatoa macho, akarudi nyuma akijifanya ameshika kichwa cha malaika, akajibwaga kwenye kochi. Akaniuliza kwa sauti ya kike, "Kimevunjika?" Na akacheka. Punje za chakula zilimruka zikaniangukia kwenye kanga, hapa magotini. Anacheka anasubiri na mimi nicheke.

Nilimtazama nikaona nimemwekea chakula mtu nisiyemjua. Nilisikia kinyaa ambacho sijawahi kukisikia, hata kwa maiti ya baba yenu niliyoiosha mwenyewe. Niliondoa sahani yake kabla hajamaliza. Akasema, "Mama, bado." Nikamwambia, "Imetosha." Ile sahani sikuiosha. Nimeitupa.

Wiki iliyofuata nilipanda basi nikaja huko. Sikukuambia. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkaguzi wa kazi, nikakaa kwenye benchi mpaka akachoka kunipita. Nikamweleza alichoniambia kaka yako, neno kwa neno, na ile michezo yake kwenye kochi nikamweleza. Ni mtu mtaratibu, mwenye miwani. Akaniuliza, "Mama, unajua unayemtaja ni mwanao?" Nikamwambia, "Najua. Nilimzaa mchana, watu wako macho."

Akatuma aitwe. Kaka yako alipoingia akaniona pale kwenye benchi na mkoba wangu, akajaribu kuanza hadithi ile ile. Alifika kwenye "alipanda mwenyewe" akanitazama, akakwama. Nilimtazama tu kama nilivyokuwa namtazama akiwa mdogo amejificha na sukari mdomoni. Akasema yote. Nani aliagiza, lini, kwa nini. Mkuu wako aliitwa naye, akaja ananukia, akanipa mkono. Kweli una unyevu. Nilijifuta kwenye kanga mbele yake.

Ukumbi umefungwa. Shauri la Mama Pacha limefunguliwa upya, mkaguzi amesema chuo kitagharamia matibabu yote, na mkuu atajibu mbele ya hakimu. Kaka yako naye atajibu. Uchumba umevunjika. Amenitumia ujumbe mmoja tu, kwamba hana mama. Nimelia sana, sitakuficha. Sijajuta, lakini nimelia.

Jambo moja bado. Kabla ya kurudi niliuliza njia, nikafika mpaka kwa Mama Pacha. Nilitaka kumpa pole. Nikakuta shuka jeupe limetundikwa barazani, wanafunzi wamekaa kwenye ndoo na mikeka, na wewe umeshika tochi. Ulikuwa umemkalisha yule binti mnyamavu kwenye kiti, unamwekea mwanga upande mmoja wa uso, unawaambia waangalie kile ambacho giza limekiacha. Mama Pacha amelala kwenye kitanda cha kamba na magongo yake pembeni, anabishana na wewe kuhusu pua. Nilisimama nje ya ukuta, nikasikiliza somo lote. Nimelielewa lote, Kitinda. Hata mimi ni mtu wa kuanza.

Mama Pacha akaniona. Akaniita, "Mama, ingia, nafasi ipo." Wewe ulikuwa umegeukia shuka. Nikamwambia napita tu. Uso wangu sikujua niuweke vipi.

Sikuombi unijibu. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu.

Mama yako


16 Oktoba

Mama,

Shikamoo.

Mama Pacha anauliza yule mama aliyesema anapita tu, ameshapita?

Somo ni kila Jumamosi asubuhi. Ukija, njoo na kitambaa cheusi, kipana, cha kuzibia mwanga barazani. Wewe unajua cha kuchagua.

Mwanao,
Kitinda